Maswali ya Wasomaji: Msitu Uliokatikakatika Hupimwaje Katika Ramani?

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi iliyoeleza jinsi picha ya setilaiti inavyogeuzwa kuwa ramani ya rasta, yaani ramani ya miraba midogo iitwayo pikseli, ambamo kila mraba hupewa jina la aina moja tu ya ardhi: msitu, shamba, kichaka, maji au makazi. Barua zilizofuata ziliuliza karibu jambo moja kwa njia mbalimbali: ukishaipata ramani hiyo, utajuaje msitu umekatikakatika kwa kiasi gani? Tumechagua barua sita, na kwa kuwa kadhaa kati yake zinahusu Milima ya Taita huko Kenya na jirani zake, mifano mingi ya majibu imetoka huko.

SWALI: Katika mkutano wa kikundi chetu cha kuhifadhi msitu tulioneshwa ramani mbili, ya zamani na ya karibuni, na mtaalamu akatuambia kwamba eneo la msitu halijapungua. Wazee waliokuwapo walicheka. Nani yuko sahihi?
Mwanakikundi, Wundanyi

JIBU: Huenda wote walikuwa sahihi, kwa sababu walikuwa wakihesabu vitu viwili kwa jina moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha picha za ndege za mwaka 1955 na 1995 na picha za kidijitali zilizopigwa kutoka angani mwaka 2004, katika vipande sita vya msitu wa Taita. Ulikuta kwamba hekta 260 za msitu wa asili, sawa na nusu yake, zilikuwa zimegeuka mashamba na vichaka. Lakini katika muda huohuo misonobari, mikaratusi, migrivea, miwati na misaipresi ilikuwa imepandwa kwenye ardhi iliyokuwa tupu, hata jumla ya eneo lenye miti ikabaki karibu ileile. Mwenye ramani yenye aina moja tu iitwayo “msitu” ataona mizani imesawazika. Mzee aliyekuwa akichuma dawa katika msitu wa asili ataona nusu ya alichokijua kimetoweka.

Jambo hili lina uzito zaidi tunapopima kukatika kwa msitu kuliko tunapopima eneo lake. Shamba la misonobari lililopandwa kati ya vipande viwili vya msitu wa asili litaviunganisha kwenye ramani yenye aina moja ya msitu, na kila kipimo kitasema kwamba hali imekuwa nzuri kuliko awali. Sasa mfikirie ndege aitwaye kitaalamu Turdus helleri, asiyepatikana kokote duniani isipokuwa Taita, ambaye hutafuta chakula chini, kwenye majani makavu ya msitu wenye kivuli kizito. Kwake yeye sakafu ya shamba la misonobari si daraja la kumvusha. Kwa hiyo ufunguo wa ramani, ile orodha ya aina ambayo wengi huipita haraka ili wafike kwenye rangi, ndio unaoamua matokeo kabla hesabu yoyote haijafanywa. Kikundi chenu kimwombe mtaalamu arudie kazi huku msitu wa asili na miti ya kupandwa vikitenganishwa, na aseme wazi ni kiumbe gani, au ni kazi gani ya msitu, anayoipimia. Msitu unaotazamwa kwa ajili ya chemchemi za maji huweza kukubali aina pana kuliko msitu unaotazamwa kwa ajili ya ndege mmoja.

SWALI: Nina ramani ya mwaka 1987 iliyotokana na setilaiti ya Landsat yenye pikseli za mita 30, na ramani ya mwaka 2023 iliyotokana na setilaiti ya Sentinel-2 yenye pikseli za mita 10. Ya kwanza inanipa mamia ya vipande vya msitu, ya pili inanipa maelfu. Je, naweza kuandika kwamba msitu umekatika mara kumi zaidi?
Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Morogoro

JIBU: La, usiandike hivyo, na kama ulikwisha kuandika, futa kabla msimamizi wako hajaona. Chukua eneo la hekta 1,000. Kwa pikseli za mita 30, kila moja ikiwa na mita za mraba 900, eneo hilo lina pikseli 11,111. Kwa pikseli za mita 10 lina pikseli 100,000. Tuseme uainishaji wako, yaani kazi ya kuipa kila pikseli jina la aina yake, ni mzuri kupita kawaida, na kompyuta imekosea pikseli moja tu katika kila mia, na makosa yametawanyika ovyo. Ramani ya kwanza itakuwa na makosa kama 111, ya pili 1,000. Kila kosa la aina hiyo lililoangukia katikati ya shamba huhesabiwa kuwa kipande cha msitu chenye pikseli moja. Umepata mamia upande mmoja na maelfu upande wa pili, na hakuna mtu aliyeinua panga.

Vipande hivi ni kama chuya katika mchele: havibadilishi uzito wa gunia, lakini ukihesabu punje moja moja vitakuharibia hesabu. Dawa yake ni kupepeta, yaani kuweka kiwango cha chini cha eneo ambacho kipande kisipokifikia huyeyushwa ndani ya kile kinachokizunguka. Usikichague kwa kubahatisha. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huuhesabu kuwa msitu ule uliozidi hekta 0.5, wenye miti inayozidi urefu wa mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Nusu hekta ni pikseli 50 za Sentinel-2 lakini ni chini ya pikseli 6 za Landsat, na hapo unaona kwa nini kipande kidogo katika ramani yako ya zamani ni jambo la mashaka hata kikiwa kipo kweli.

Kisha zilete ramani zote mbili kwenye pikseli za mita 30 na kwenye ufunguo mmoja. Hapa pana mtego mwingine. Njia ya kawaida ni kuzikusanya pikseli 9 ndogo na kuipa pikseli kubwa jina la aina iliyo nyingi kati yake. Ukanda wa miti ya kando ya mto wenye upana wa mita 10 unachukua pikseli 3 kati ya 9, basi unashindwa kura na kupotea. Ukanda wa mita 20 unaweza kupata 6 kati ya 9 na kubaki, au ukaangukia mpakani mwa pikseli kubwa mbili, ukapata 3 huku na 3 kule, na ukapotea vilevile. Aina zilizotapakaa kwa uchache hupungua kila pikseli inapokuzwa, na aina iliyotawala hunenepa. Ndiyo maana ni salama zaidi kulinganisha mwaka na mwaka kwa pikseli za ukubwa mmoja kuliko kulinganisha matokeo yako na ya mtu mwingine aliyetumia pikseli nyingine, hata kama mlipima kilima kilekile.

Urefu wa kingo za msitu nao una tabia yake. Pikseli haziwezi kuchora mstari wa mshazari ila kwa kupanda kama ngazi, hivyo ukingo wa mshazari wa digrii 45 hurefushwa kwa zaidi ya asilimia 40, na duara hurefushwa kwa takriban asilimia 27. Kupunguza ukubwa wa pikseli hakuliondoi kosa hili, kwani ngazi huwa ndogo lakini huwa nyingi. Linganisha kingo kwa kingo katika ramani za aina moja. Usizigeuze kuwa kilomita za uzio wa kununua.

SWALI: Programu niliyopakua inanipa vipimo zaidi ya mia moja. Nichague kipi?
Afisa wa maliasili, Arusha

JIBU: Wingi huo una historia yake. Programu ya FRAGSTATS, iliyotolewa mwaka 1995 na Kevin McGarigal na Barbara Marks wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon huko Marekani, ilirahisisha hesabu zilizokuwa zikiwachosha watu, na tangu hapo kuzalisha vipimo kumekuwa rahisi kuliko kuvielewa. Leo kazi hiyohiyo hufanywa pia na kifurushi cha landscapemetrics katika lugha ya kompyuta iitwayo R, bila malipo. Lakini mwaka huohuo wa 1995 Kurt Riitters na wenzake walichukua vipimo 55, wakavijaribu kwenye ramani 85, na wakakuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya ramani hizo ilielezwa na mambo sita tu. Ripoti yenye safu ishirini za vipimo mara nyingi husema jambo moja mara ishirini.

Nianze na kile ambacho ningekuomba usikitegemee peke yake, nacho ni wastani wa ukubwa wa vipande. Tuseme eneo lako lina hekta 1,000, na ndani yake mna hekta 400 za msitu: kipande kimoja cha hekta 300 na vipande kumi vya hekta 10 kila kimoja. Wastani ni hekta 36 na kitu. Sasa watu wakafyeka vile vipande kumi vyote. Msitu umepungua kwa hekta 100, lakini wastani umepanda hadi hekta 300, na jedwali lako linapongeza ufyekaji. Nimewahi kuona ripoti iliyofungwa vizuri, yenye jalada la kung’aa, ikishangilia jambo la namna hiyo.

Kipimo ninachokipenda ni kile alichokipendekeza Jochen Jaeger mwaka 2000, ambacho kwa lugha yetu tunaweza kukiita ukubwa wa jicho la wavu, kwa maana ileile wavuvi wanayoitumia wanaposema nyavu za macho madogo. Barabara, mashamba na makazi ndiyo nyuzi, na msitu uliobaki ndio matundu. Kukikokotoa ni rahisi: eneo la kila kipande huzidishwa kwa lenyewe, majibu hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa eneo zima la utafiti. Maana yake ni hii: ukiwaachia wanyama wawili mahali popote katika eneo zima bila kuchagua, ni kwa uwezekano gani watajikuta katika kipande kimoja cha msitu? Uwezekano huo ukizidishwa kwa eneo zima hutoa jicho la wavu.

Hekta 400 zikiwa kipande kimoja katika zile 1,000, jicho ni hekta 160. Zikikatwa vipande viwili vilivyo sawa, ni 80. Vipande vinne, ni 40. Katika mfano wetu wa kipande cha 300 na vidogo kumi, jicho ni 91, na baada ya vidogo kufyekwa hushuka hadi 90. Angalau kimeshuka. Kimeshuka kidogo sana, nalo ni onyo kwamba kipimo hiki hutazama vipande vikubwa na karibu hakioni vidogo, ambavyo kwa ndege au mbegu huweza kuwa vituo vya kupumzikia njiani. Tena hutegemea mpaka ulioweka: ukipanua eneo la utafiti hadi hekta 2,000 bila kuongeza mti, jicho litapungua nusu. Mpaka usibadilike kati ya mwaka na mwaka, na kama umekata msitu ulioendelea upande wa pili wa mstari wa kaunti au wilaya, sema hivyo.

Ukiweza kuongeza cha pili, ongeza eneo la kiini, yaani msitu uliobaki baada ya kutoa ukanda wa pembeni unaoingiwa na upepo, jua na mifugo. Chukua msitu wa hekta 120, ukubwa unaokaribia msitu wa asili wa Ngangao huko Taita. Ungekuwa mraba kamili, kwa ukanda wa mita 100 ungebaki na kiini cha hekta 80 hivi. Ukiwa mstatili wa mita 300 kwa mita 4,000 juu ya mgongo wa kilima, kiini ni mita 100 kwa 3,800, yaani hekta 38. Eneo ni lilelile, kipande ni kimoja pale na pale, na jicho la wavu halitaona tofauti yoyote. Na kila safari andika pembeni jumla ya eneo la msitu, kwani bila hiyo namba nyingine zote hazina pa kusimama.

SWALI: Reli ya kisasa na barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi zinapita hapa kwetu na katikati ya Tsavo, lakini katika ramani niliyoipata hazionekani, na Tsavo yote imechorwa kama kipande kimoja. Je, ramani ni mbovu?
Mwalimu wa Jiografia, Voi

JIBU: Si mbovu, ila macho yake hayafiki huko. Barabara yenye upana wa mita 10 haijazi pikseli ya mita 30, hivyo pikseli hubaki na jina la kichaka kinachoizunguka. Inabidi barabara na reli zichukuliwe kutoka ramani ya mistari na kuchapwa juu ya rasta. Hapo mwalimu awe mwangalifu, kwa kuwa mstari wa mshazari wa upana wa pikseli moja huwa ni miraba inayogusana kwenye pembe tu. Kama programu imewekwa kwenye kanuni ya majirani wanane, inayohesabu kwamba pikseli zinazogusana kwenye pembe zimeungana, basi vichaka vya pande mbili navyo vitagusana kwenye pembe zilezile, na reli yako itavuja kama pakacha. Ama utumie kanuni ya majirani wanne, inayohesabu kwamba zimeungana zile tu zinazogusana ubavu kwa ubavu, ama uneneshe mstari.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wako wataliona wenyewe. Reli hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2017, imejengewa njia za kupitia wanyama chini yake. Ukiirudishia pikseli ya njia moja jina la kichaka, pande mbili zinaungana papo hapo na kuwa kipande kimoja kikubwa, kana kwamba tuta lote la reli halipo. Ukiiacha, ni kama hakuna tembo aliyewahi kupita. Rasta ya aina za ardhi haijui “nusu mlango”. Ningekokotoa mara mbili, mara moja njia zikiwa wazi na mara moja zikiwa zimefungwa, na kuwaonesha wanafunzi majibu yote mawili.

SWALI: Nikisema msitu umekatikakatika, je, sijarudia tu kusema kwamba umepungua?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hili ndilo swali ambalo wataalamu wenyewe hawajamaliza kubishania. Mwaka 2003 Lenore Fahrig wa Kanada alipitia tafiti nyingi na kuonesha kwamba zilichanganya mambo hayo mawili. Alipoyatenganisha, upungufu wa makazi ulikuwa na madhara makubwa na ya wazi kwa viumbe, ilhali kukatika kwenyewe, eneo likiwa lilelile, kulikuwa na athari ndogo zaidi, tena mara nyingine nzuri na mara nyingine mbaya. Wengine hawakukubali, nao wana majaribio ya uwanjani ya miaka mingi ya kuonesha.

Ramani ya kubuni hutusaidia kuona kwa nini mambo haya hushikamana. Chukua gridi kubwa, upake kila mraba rangi ya msitu kwa kurusha kura. Kwa kanuni ya majirani wanne, msitu ukiwa juu ya asilimia 59 hivi utakuta kipande kimoja kinachotambaa kutoka ukingo hadi ukingo. Ukishuka chini ya hapo, kipande hicho husambaratika ghafla. Kwa kanuni ya majirani wanane mpaka huo ni kama asilimia 41. (Mwenye kupenda hesabu atagundua kwamba namba hizo mbili zikijumlishwa hutoa 100, na hilo si bahati.) Kumbe kupungua kwenyewe huleta kukatika, hata bila mtu kupanga.

Lakini wakulima hawafyeki kwa kurusha kura. Taita msitu umebaki vileleni na kwenye miteremko mikali, kwa hiyo vipande vyake ni vikubwa kuliko vile ambavyo kura ingeacha kwa asilimia ileile ya msitu. Basi ukitaka kusema neno juu ya kukatika peke yake, tengeneza ramani za kura zenye asilimia sawa na yako, zipime kwa kipimo kilekile, kisha utazame ramani halisi imesimama wapi kati yake. Tofauti hiyo ndiyo habari. Kilichobaki ni upungufu uliovaa nguo nyingine.

SWALI: Programu inasema msitu wangu wote wa karibu na Kwale una eneo la 0.0001. Hekta? Kilomita?
Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Ni digrii za mraba. Ramani yako iko katika latitudo na longitudo. Karibu na Ikweta digrii moja ni takriban kilomita 111, hivyo msitu wako una kama hekta 123. Ihamishie ramani kwenye makadirio ya UTM, yaani mfumo wa kuchora ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 Kusini, kabla ya kupima lolote. Na wakati wa kuihamisha chagua njia ya jirani wa karibu zaidi, ambayo kila pikseli mpya huchukua namba ya pikseli ya zamani iliyo karibu nayo zaidi, usichague ile ya wastani. Namba za rasta yako ni majina yaliyovaa tarakimu: kama msitu ni 1, maji ni 2 na shamba ni 3, wastani wa msitu na shamba ni maji, na utajikuta na mfereji mwembamba wa buluu umezunguka kila shamba la mahindi lililopakana na msitu.